Hivi Maziwe ni kisiwa au ni fungu la mchanga tu? Nimekiona kinazama kwa macho yangu, na mivinje ilienda wapi?

#1 ChuyaLaMchele
Wakuu salama? Mimi mtu wa bara, Kilosa huko, bahari nimeijulia ukubwani kwaiyo mnisamehe kama swali la kitoto. Wiki iliyopita tulikuwa Pangani wanne, tukaambiwa huwezi kufika Ushongo ukaondoka bila kwenda kisiwa cha Maziwe. Tukapanda boti ya faiba kama saa saba mchana, mwendo wa nusu saa na kitu, tukakuta mchanga mweupe mpaka unaumiza macho, katikati ya bahari, hakuna mti, hakuna jani, ndege tu wamejipanga upande mmoja kama wanasubiri daladala. Tukaogelea na zile miwani, samaki wa kila rangi, raha tupu.

Sasa ilipofika saa tisa hivi nikaona mbona tulipoweka viatu maji yameshafika. Tukahamisha. Yakafika tena. Saa kumi kasoro tulikuwa tumesimama sehemu ndogo kama baraza ya nyumba, nahodha anacheka tu, tukapanda boti, nageuka nyuma hakuna kitu! Bahari tupu! Mke wangu mpaka leo anasimulia.

Nahodha anasema zamani pale kulikuwa na msitu wa mivinje na kasa walikuwa wanapanda kutaga kwa wingi. Msitu?? Pale?? Wenyeji nisaidieni, hii ni kweli au ni stori za kutuongezea bei? Na kama kweli, nini kilitokea?

#2 TumboKubwa
Nimekaa hapa na kahawa yangu, endeleeni.

#3 BintiPangani
Karibu sana kwetu mkuu. Ni kweli kabisa. Marehemu bibi yangu alikuwa anasema ukisimama forodhani Pangani siku hakuna ukungu unaiona mivinje imesimama kule kama jahazi limeshusha tanga. Wavuvi walikuwa wanalala dago kule, yaani kambi ya uvuvi, wanakausha samaki chini ya kivuli. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 miti yote ilikuwa imekwisha na kikabaki hicho ulichokiona. Nahodha hajakudanganya.

Alichokudanganya ni saa. Mtu anakupelekaje Maziwe saa saba siku ya bamvua?

#4 ChuyaLaMchele
Bamvua ndo nini mkuu, kuna uhusiano gani na saa?

#5 KakaNgalawa
Hahaha watu wa bara mna raha. Sikiliza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo bamvua, maji yanatoka sana na yanajaa sana. Huku kwetu siku za bamvua maji yanakupwa asubuhi saa nne saa tano, yanajaa jioni saa kumi saa kumi na moja. Kwaiyo bamvua unaondoka Ushongo saa mbili asubuhi, unakikuta Maziwe kikubwa kimejinyoosha, unakula raha yako, saa saba unarudi. Wewe umekwenda wakati wenzio wanarudi.

Maji mafu, yaani mwezi nusu, mambo ni mengine. Hayatoki sana wala hayajai sana. Mchanga unaoonekana ni mdogo lakini haufunikwi wote, unaweza kushinda.

Na usiende kusi likipamba moto, mwezi wa sita mpaka wa nane, utatapika mpaka maziwa ya mama. Nenda maleleji, upepo umelala, maji kama kioo.

#6 Mpwani_Halisi
Jibu la kichwa cha uzi: kile ni FUNGU. Kisiwa kina mwamba chini na udongo juu, kina mti, kina kisima hata kama maji yake ya chumvi. Mchanga unaotokea na kupotea ni fungu, wazee wetu hawakuwa wajinga kuweka majina mawili. Mbudya kisiwa. Bongoyo kisiwa. Fungu Yasini pale Dar jina lake lenyewe linajieleza.

#7 YakheFuoni
Yakhe Mpwani, pole pole. Na Fungu Kizimkazi je? Lile wazungu wanaliita Latham, liko mbali baharini huko, halizami, ndege wa bahari wanataga pale kwa maelfu, na bado jina ni Fungu. Majina ya baharini hayafuati kanuni yako.

#8 Mpwani_Halisi
Nimekubali nusu 😂. Lakini Maziwe ya leo ni fungu, ya bibi yake Binti ilikuwa kisiwa. Tukubaliane hapo.

#9 Mhandisi_wa_Kivule
Mleta uzi umeuliza nini kilitokea. Jibu ni mabwawa. Mto Pangani ulikuwa unashusha mchanga na tope kutoka Kilimanjaro, Meru na Pare mpaka baharini. Miaka ya 60 wakajenga Nyumba ya Mungu, 1964 wakawasha umeme Hale, baadaye Pangani Falls. Mchanga ukakamatwa huko juu, mto ukapungua nguvu, bahari ikaanza kula. Ndo maana hata maji chumvi yanapanda mtoni mpaka wakulima wa minazi wanalia. Fungu lolote la mchanga ni kama akaunti ya benki, ukiacha kuweka huku unatoa kila siku, salio linakwisha.

#10 BintiPangani
Mhandisi hapo kwenye maji chumvi umesema kweli tupu, mjomba wangu minazi yake ya kando ya mto imebaki vigingi. Ila Pangani Falls hii kubwa imeanza 1995, kisiwa wakati huo kilishakwisha zamani. Usiisingizie.

#11 Mhandisi_wa_Kivule
Sawa, nimesahihishwa kuhusu Pangani Falls. Hale na Nyumba ya Mungu zinabaki palepale.

#12 KoboleDaMnazi
Mimi nazamia, nimezamia pale Maziwe mara nyingi tu, na hiyo nadharia ya mto inanipa shida moja. Shika mchanga wa mdomo wa Pangani halafu shika mchanga wa Maziwe. Wa mtoni ni wa kahawia, mzito, una udongo udongo. Wa Maziwe mweupe kama unga wa sembe, ukiuangalia kwa karibu ni vipande vya matumbawe na makome. Ule mchanga haujatoka Kilimanjaro, umetengenezwa hapo hapo.

Mnamjua pono? Yule samaki ana mdomo kama kasuku, anatafuna jiwe la matumbawe kutafuta mwani wa kula, anasaga, jiwe linatokea nyuma likiwa mchanga. Kaeni kimya chini ya maji mtamsikia anavyoguguna. Sasa fukwe nyeupe zote hizi mnazopigia picha za harusi, mchanga wake mwingine ni mavi ya pono.

#13 TumboKubwa
Nimejilaza kwenye mavi ya pono kule Nakupenda, lile fungu la Zanzibar, nikalipia na hela juu. Asanteni sana.

#14 KoboleDaMnazi
😂😂 ndo hivyo. Sasa fuatisha: pono anataka matumbawe hai. Watu wa Tanga walivua kwa baruti miaka na miaka, miamba ikawa kifusi. Mwamba ukivunjika mambo mawili, mchanga mpya haupatikani, na wimbi lililokuwa linavunjikia nje kwenye mwamba linakuja mpaka mlangoni. Kwa mimi baruti ndo ilimaliza kisiwa, na joto la El Niño 1998 likaja kuua matumbawe yaliyobaki.

#15 KakaNgalawa
El Niño 1998 nayo imekuja mazishi yameshapita, kama Pangani Falls ya Mhandisi. Ila baruti ni kweli, mimi mtoto nilikuwa nasikia mlio, mama anasema "hao wameshatupa".

#16 KijukuuChaSharifu
Mnazunguka sana. Watu walikata miti. Mvinje ni mti wa pwani, mizizi yake inashika mchanga kama mtu anavyoshika shuka la kujifunika. Mvinje kuni yake nzuri, boriti nzuri, mlingoti mzuri. Wavuvi wa dago wakakata, wengine wakawasha moto kukausha samaki. Ukiondoa mti mchanga hauna mwenyewe. Kusi ikija inausukuma huku, kaskazi ikija inaurudisha kule, na kila safari mwingine unaangukia kwenye kina. Kwisha habari.

#17 MsukumaWaBrisbane
Habari zenu wakuu, mimi niko Brisbane Australia, naona Kijukuu na Mhandisi wote wana ukweli na ntawapa mfano wa huku.

Kuna kisiwa kinaitwa K'gari, zamani kikiitwa Fraser Island, 2023 wakarudisha rasmi jina la wenyeji, Wabutchulla. Ndo kisiwa kikubwa cha mchanga kuliko vyote duniani, urefu zaidi ya kilomita 120. Mchanga mtupu! Lakini juu yake kuna msitu mkubwa wa mvua, miti mirefu mpaka shingo inauma, na maziwa ya maji baridi yamekaa juu ya mchanga. Ziwa moja linaitwa McKenzie, maji meupe, mchanga kama chumvi ya mezani. UNESCO waliingiza kwenye orodha yao 1992.

Nilienda na familia mwaka juzi. Gari lazima fo wili na kibali cha kulipia, unaendesha ufukweni kwenyewe, bahari kushoto kwako, na ukikosea saa ya maji kujaa gari linabaki huko kama viatu vya mleta uzi. Kuna mabaki ya meli Maheno, kimbunga kiliitupa pale 1935, bado kutu lake lipo. Na kuna mbwa mwitu wao, dingo, wanatembea ufukweni wembamba wembamba unaweza kuwaonea huruma, lakini kuwapa chakula ni kosa la faini na wameshawahi kung'ata watu, wanangu niliwashika mikono muda wote. Baharini hatukuogelea, mikondo mikali na papa wapo, tuliogelea ziwani.

Sasa point yangu: kwa nini K'gari hakizami? Moja, mkondo wa bahari unaleta mchanga kutoka kusini, New South Wales huko, tangu enzi na enzi, hiyo ni akaunti ya Mhandisi. Mbili, miti imeushika, hiyo ni shuka ya Kijukuu. Maziwe ilikosa yote mawili.

#18 Mpwani_Halisi
Msukuma aliyehamia kisiwani 😂 ng'ombe umewaacha na nani?

#19 MsukumaWaBrisbane
Ng'ombe wako kwa shemeji Magu, wanakusalimia.

#20 KoboleDaMnazi
Mfano mzuri ila vitu viwili tofauti mkuu. K'gari ni milima ya mchanga, Maziwe ni mchanga kidogo juu ya mwamba wa matumbawe. Hauna mkondo wa kuuleta kutoka mbali, unategemea mwamba wake wenyewe. Kwaiyo narudi palepale, pono.

#21 PwaniYaMtwapa
Niaje wadau, salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Mayungu, karibu na Malindi, kuna fungu maji yakitoka linatokea refu jeupe hivi, Waitaliano wakaliita Sardegna Due, jina likashika mpaka vijana wa boti hawajui lingine. Linapotea kila siku na kurudi kila siku na hakuna mtu anafungua uzi kulilia. Mafungu ndo yalivyo, yanahama. Pengine Maziwe ilikuwa na bahati ya miti kwa miaka mia moja hivi na muda wake ukaisha tu. Si lazima awepo mkosaji.

#22 KijukuuChaSharifu
Sasa wewe ndugu yangu unatetea walioshika shoka.

#23 PwaniYaMtwapa
Natetea shoka langu 😂 hapana, nauliza tu.

#24 Dkt_Mtarajiwa
Mbona hakuna aliyetaja kina cha bahari kupanda? Tabianchi. Hata viongozi wakitoa mifano ya visiwa vilivyozama Tanzania wanataja Maziwe.

#25 YakheFuoni
Wanataja, ndio, kila semina. Lakini yakhe miaka ya 70 bahari ilikuwa imepanda kiasi gani cha kumeza msitu wa mivinje ikaacha Mbudya, ikaacha Bongoyo, ikaacha Changuu?

#26 Dkt_Mtarajiwa
Hivyo ni vya mwamba, Mpwani amesema juu pale #6. Mchanga haihitaji maji yapande sana, sentimita chache tu wimbi la bamvua linafika kwenye mizizi. Sisemi ndo sababu pekee.

#27 BintiPangani
Naomba niseme la kasa maana mleta uzi aliuliza na mmelipita mkakimbilia mabwawa.

Kasa bado wanapanda Maziwe. Mimi nimeona alama zake alfajiri, kama trekta limepita kutoka majini. Shida ni kwamba akitaga pale maji ya bamvua yatafunika mayai yafe. Kwaiyo kuna vijana, Friends of Maziwe, wanalinda, wakipata kiota wanayachukua mayai kwa uangalifu, hayageuzwi juu chini, wanayaleta Ushongo bara wanayafukia kina kile kile yalichokuwa. Kiota kimoja mayai mia na zaidi. Miezi miwili hivi yanaanguliwa, na siku hiyo wageni mnaitwa jioni, vitoto vinatoka mchangani kama maji yanachemka, vinakimbia baharini, mnakatazwa kuvishika na mnakatazwa mataa. Mimi mara ya kwanza nililia. Sijui kwa nini, nililia tu.

Na joto la mchanga ndo linaamua jinsia. Mchanga wa moto majike, wa baridi madume.

#28 ChuyaLaMchele
Dah. Hii ya kasa tumeikosa kabisa, hakuna aliyetuambia. Na wale wakikua wanarudi Maziwe au Ushongo?

#29 KoboleDaMnazi
Swali zuri kuliko yote humu. Kasa anarudi kutaga maeneo aliyoanguliwa, lakini anachukua miaka ishirini, thelathini mpaka apevuke. Wale wa leo wanaopanda Maziwe pengine mama zao walitaga chini ya mivinje. Wanakuja kwenye nyumba ya mama wanakuta kiwanja.

#30 TumboKubwa
Samahani kuuliza, hivi nyama yake ikoje?

#31 YakheFuoni
Usithubutu. Kwanza sheria hairuhusu. Pili Pemba, kisiwa cha Panza, Machi 2024 watu 9 walifariki kwa nyama ya kasa, 8 watoto. Sumu yake haitoki kwa kupika. Kula pweza yakhe, Mungu ameshakupa pweza.

#32 TumboKubwa
Innalillahi. Nimefuta swali moyoni.

#33 MzeeWaBweni
Assalaam aleikum vijana. Mmesahau jambo. Pale kulikuwa na wenyewe, wale wasioonekana. Ukifika Maziwe zamani hupigi kelele, hukojoi ovyo, mwanamke hedhini hashuki. Wakaja watu wa kamera na redio za betri wanacheza muziki usiku kucha. Mwaka ule wenyewe walipohama mti mkubwa wa mwisho ulianguka hakuna upepo. Muandike na hilo kwenye hayo mabwawa yenu.

#34 Dkt_Mtarajiwa
Waaleikum salaam mzee. Sitabishana na wewe, ila mti wa pwani unaanguka bila upepo kama maji yameshakula chini.

#35 MzeeWaBweni
Na nani aliyeyaambia maji yale chini mwaka ule na siyo mwaka mwingine? Haya.

#36 KakaNgalawa
Mzee kamaliza 😂

Jamani turudi kwa wanaotaka kwenda. Kutoka Tanga mjini mpaka Pangani siyo mbali, kama kilomita 50, unavuka mto kwa kivuko kwenda Bweni, halafu Ushongo kusini huko, bodaboda au noah. Daraja likikamilika kivuko tutakimiss. Boti pangeni watu sita saba mchange bei, mmoja mmoja itakuua. Kuna ada ya hifadhi, pale ni eneo tengefu, mzawa analipa ndogo kuliko mgeni, lipeni kwa njia halali mpewe risiti, siyo mkononi kwa mtu. Kofia, maji ya kunywa, shati la mikono mirefu. HAKUNA KIVULI. Na takataka zenu mrudi nazo, juzi nimeokota chupa kumi na moja na pampasi. Nani anapeleka pampasi katikati ya bahari?

Ukienda kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi unaweza kubahatika nyangumi njiani. Pomboo ni mara kwa mara.

#37 ChuyaLaMchele
Ahsante sana Kaka. Na papa potwe?

#38 YakheFuoni
Hao Mafia, Kilindoni, kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili hivi. Usiwachanganye, mtu wa bara.

#39 KijukuuChaSharifu
Nimerudi na ushahidi wangu umenigeuka. Jana jioni baba amenipigia, ana miaka sabini na kitu, alikuwa dago Maziwe ujanani. Nimemuuliza, baba, mivinje mlikata au hamkukata? Akasema tulikata. Nikafurahi, nikajua nimewashinda. Halafu akasema "lakini tulikata iliyokwisha kulala. Bahari ikiangusha, sisi tunachukua boriti. Uliosimama nani angeukata, kivuli tungepata wapi?"

Nikamuuliza nani alianza sasa, bahari au nyinyi? Akanyamaza kidogo, akasema "mwaka wa kwanza bahari."

Nikauliza na mwaka wa pili? Simu ikakata, vocha yake iliisha. Au aliikata, sijui.

#40 Mhandisi_wa_Kivule
Mpigie wewe.

#41 KijukuuChaSharifu
Nimepiga hapokei 😂

#42 BintiPangani
Mleta uzi, mwezi utaandama wiki ijayo, asubuhi yake maji yanatoka sana. Nina binamu ana mashua ya tanga, siyo faiba, taratibu lakini haina kelele kwa wenyewe wa Mzee wa Bweni. Tuko watano mpaka sasa.

#43 TumboKubwa
Sita. Pweza nabeba mimi.